Sauti Haichelewi Kwenye Jiwe

Kibumba mtu hujifunza umbali kwa masikio kabla hajaujua kwa kilomita. Kijiji chetu, mashariki mwa Kongo, kimejipanga kando ya barabara ya Goma kwenda Rutshuru, kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,900. Magharibi iko Nyiragongo, mashariki iko Mikeno, na katikati ni mashamba ya viazi, kabichi na karoti. Ukungu ukishuka asubuhi hufunika milima yote miwili, wakati mwingine hata nyumba ya jirani. Hapo macho hayana kazi. Kinachobaki ni mngurumo, na swali ambalo kila mtu hujiuliza akiwa bado kitandani: ile iko mbali au iko karibu?

Mngurumo wenyewe ungeweza kuwa wa radi. Kivu ni nchi ya radi. Vipimo vya setilaiti vimeonyesha kuwa Kabare, kule Kivu Kusini, inaongoza Afrika nzima kwa wingi wa umeme wa mawingu. Ungeweza kuwa wa volkano. Ungeweza kuwa wa lori zito linalopanda kutoka Goma. Ungeweza pia kuwa wa bomu, maana Kibumba imepiganiwa mara nyingi: Novemba 2012 siku chache kabla ya Goma kuanguka, Oktoba 2013, kisha tena 2022. Mtoto asiyejua kuzitenganisha sauti hizi alikimbia bure, au alichelewa kukimbia.

Ujuzi huo wa wazee wetu, ambao hakuna aliyeuita sayansi, ulisimama juu ya kanuni ya fizikia ambayo nilikuja kuisoma baadaye katika vitabu: sauti haina mwendo mmoja. Kwenye hewa ya baridi kama ya Kibumba hukimbia mita 340 hivi kwa sekunde. Kwenye maji ya ziwa hufikia 1,450 au 1,480. Kwenye chuma hupita 5,000, na kwenye jiwe jeusi la volkano lililo zima inaweza kukaribia mwendo huo wa chuma. Lakini kuna jambo ambalo orodha hii ya namba hailisemi, nami nililiona kwanza mikononi mwa fundi wa mawe.

Kando ya barabara yetu walikuwapo wazee waliochonga mawe ya lava kwa ajili ya misingi ya nyumba. Mmoja wao alikuwa rafiki wa baba, na watoto tulipenda kukaa karibu naye kwa sababu hakutufukuza. Kabla ya kuanza kuchonga alilisimamisha jiwe kwa upande, akaligonga juu kwa kichwa cha nyundo, mara moja tu, bila nguvu. Jiwe zima lililia kama kengele ndogo, mlio mwembamba uliodumu kidogo hewani. Lililokuwa na ufa ndani lilitoa sauti ya ubao uliooza, ikafa palepale. Hilo alilisukuma kwa mguu kwenye rundo la kokoto.

Siku moja nilimwuliza kwa nini analitupa wakati kwa nje ni zuri kuliko yale mengine.

“Mutoto wangu,” akasema, “hii iko na njia imekatika mu katikati. Sauti inafika pale inakwama. Nyumba nayo itakwama pale pale.”

Muzee alikuwa amesema kweli tupu. Ufa ndani ya jiwe ni safu nyembamba ya hewa. Sauti inayokimbia kilomita kadhaa kwa sekunde ndani ya jiwe inapoufikia ufa hukuta kitu kingine kabisa, chepesi na kilegevu. Sehemu ndogo sana huvuka. Karibu yote hurudishwa nyuma. Haikukwama kwa sababu jiwe lilikuwa baya. Ilikwama pale jiwe lilipotakiwa kuikabidhi kwa kitu kisichokuwa jiwe. Tangu hapo nimeona kuwa habari za sauti, na hata habari za watu, huharibikia kwenye maungio kuliko mahali pengine popote.

Chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, ilitufundisha jambo hilohilo kwa mchezo. Asubuhi vijana hushuka nazo Goma zikiwa na magunia ya viazi na kabichi, wakirudi jioni wanazisukuma kupanda mlima. Chukudu ikiwa imelazwa bila mzigo, mmoja wetu aliweka sikio kwenye mbao karibu na usukani, mwingine akaenda mwisho kabisa akakwaruza kwa ukucha. Kwa hewa hukusikia chochote. Kwa mti ulisikia ukucha kana kwamba unakwaruza ndani ya sikio lako. Sauti ikifuata nyuzi za mti mgumu hukimbia kilomita 4 hivi kwa sekunde, tena haitawanyiki pande zote kama inavyotawanyika hewani. Kisha tukakwaruza juu ya gurudumu, pale lilipovishwa mpira wa tairi kuukuu. Kimya. Mpira ule umewekwa ili usaidie gurudumu lisiumizwe na mawe ya barabarani, na ulaini uleule unaomeza mtikisiko unameza na sauti.

Wengi hudhani sauti hupita haraka kwenye vitu vizito. Sivyo. Madini ya risasi ni mazito kuliko chuma, lakini ni laini, na sauti hupita humo kwa mwendo usiofika nusu ya ule wa chuma. Kinachoamua ni ugumu ukilinganishwa na uzito: chembe za kitu zinashikana kiasi gani, na ni nzito kiasi gani kusukumwa. Kibumba, ambako mvua huzama kwenye lava na mito haipo, watu hujipanga foleni ya maji na mabidoni yao. Foleni ikibanana mabega kwa mabega, ukimsukuma wa nyuma, wa mbele analalamika papo hapo. Foleni ikilegea, msukumo unasubiri kila mtu ajikwae kwa mwenzake. Chuma ni foleni iliyobanana. Hewa ni foleni ya watu walioachana mbali.

Hewa nayo si moja. Sauti huongeza mwendo kwa mita 0.6 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto inayopanda. Ndiyo maana usiku wa Kibumba una masikio marefu. Jua likizama, ardhi hupoa haraka na kuipoza hewa ya chini, huku ya juu ikibaki na joto kidogo. Sauti huenda polepole chini na haraka juu, basi wimbi lake hupinda kuelekea ardhini badala ya kupotelea angani. Lori ambalo mchana halisikiki mpaka liingie sokoni, usiku unalisikia likiwa bado mbali kwenye mlima. Na kwenye mazuku, ile gesi ya kaboni inayotuama katika mashimo ya lava upande wa Goma na Sake, sauti hupita kwa mita 265 hivi tu kwa sekunde, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu. Hilo si la kwenda kupima. Mbuzi na watu wameanguka humo wasiamke.

Wazungu waliopima mambo haya zamani walitumia hila ambayo fundi wetu wa mawe angeielewa bila kuelezwa. Mwaka 1808 Jean-Baptiste Biot alitumia mabomba mapya ya chuma ya maji ya Paris, yaliyoungwa hadi kufikia mita 951. Mtu aligonga upande mmoja, na aliyekuwa upande wa pili akasikia milio miwili: wa kwanza umepita kwenye chuma, wa pili umepita kwenye hewa iliyo ndani ya bomba, ukachelewa kwa sekunde mbili na nusu. Mwaka 1826 Jean-Daniel Colladon akaenda kwenye Ziwa Geneva, kengele ikagongwa chini ya maji wakati uleule baruti ilipowashwa juu. Aliyekuwa ng’ambo aliona mwanga, akahesabu mpaka mlio ulipomfikia kwa maji. Alipata mita 1,435 kwa sekunde, hesabu ambayo mpaka leo haina aibu.

Mantiki yao wote wawili ni moja: tukio moja, njia mbili, na tofauti ya muda kati yake. Sauti moja pekee hukupa hofu. Zikiwa mbili, zinakupa umbali. Kwa radi, mwanga hufika papo hapo na ngurumo hufuata. Hesabu sekunde ugawanye kwa tatu, hizo ndizo kilomita. Kwa bunduki, wale waliopitia vita watakuambia kuwa risasi inayokupitia husikika mara mbili: kwanza mpasuko mkali, kisha mshindo mzito. Risasi ya AK-47 hutoka na mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde, mara mbili ya sauti, kwa hiyo mpasuko wake wa hewa hufika kabla ya mshindo wa bunduki yenyewe. Nafasi kati ya hizo mbili ikiwa fupi, mpigaji yuko karibu. Mama yangu hakuwahi kusoma fizikia, lakini alijua nafasi ipi inatosha kumaliza kufunga mzigo na ipi inataka uache sufuria motoni.

Mwaka 1994 nikiwa mtoto, Kibumba ilijaa watu ghafla. Wakimbizi wa Rwanda wanaokaribia 200,000 waliwekwa kwenye ardhi ya lava isiyo na maji, na kipindupindu kikaingia. Jiwe lilikuwa karibu sana na uso wa ardhi hata kaburi lilikataa kuchimbika. Maji yaliletwa kwa malori ya tangi yaliyopanda kutoka Goma mfululizo. Tulilala kwenye mikeka, na mara nyingi tulijua lori linakuja kwa mgongo kabla ya kulijua kwa sikio: sakafu ilianza kunung’unika, kisha manjanja ya paa yakaanza kutetemeka, ndipo injini ikasikika. Ukitoka pale ukaenda kwenye shamba lenye udongo mnene wa majivu ya volkano, mnung’uniko ule hupotea, kwa sababu udongo mlegevu hubeba mtikisiko polepole na kuumaliza njiani. Kumbe ardhi ya Kibumba nayo ni kama yale mawe ya fundi, sehemu inalia na sehemu imekaa kimya.

Wataalamu wa volkano wanaitumia ardhi hiyo kama Biot alivyotumia bomba. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, kinachojulikana kwa herufi OVG, kilianzishwa 1986, na Kibumba ni miongoni mwa mahali palipowekwa mashine za kupima matetemeko kuzunguka Nyiragongo na Nyamulagira. Jiwe likipasuka chini ya mlima, hutoa mawimbi mawili. La kwanza, wanaloliita P, husukuma na kuvuta kama sauti ya kawaida, na kwenye miamba ya chini hukimbia kilomita 6 hivi kwa sekunde. La pili, S, hutikisa kando kwa kando na kukimbia kilomita 3.5 hivi, hilo haliwezi kupita kwenye kimiminika, na likidhoofika mahali fulani, wataalamu huanza kushuku kuwa pale kuna jiwe lililoyeyuka. Kila sekunde ya tofauti kati ya P na S ni kama kilomita 8.

Lakini kituo kimoja hakijui upande. Kibumba peke yake itasema tetemeko liko umbali wa kilomita 12. Haisemi ni chini ya Nyiragongo au chini ya Mikeno. Kituo cha pili kikiongezwa, unabaki na sehemu mbili zinazowezekana. Cha tatu ndicho kinachomaliza ubishi. Kabla ya mlipuko wa 17 Januari 2002, vituo vilivyokuwa vikifanya kazi vilikuwa viwili tu, katika nchi iliyokuwa vitani. Hata hivyo Dieudonné Wafula wa OVG aliona dalili na kuandikia watu mbalimbali kuonya. Ardhi ilikuwa imesema, na kulikuwa na mtu aliyesikia. Siku ile lava iliingia katikati ya Goma, ikaunguza maduka na nyumba hadi ziwani, na watu wakavuka mpaka kwenda Gisenyi kwa maelfu na maelfu.

Mwaka 2021 mitambo ilikuwa mingi na bora zaidi. Ufa ulikuwa mahali pengine. Mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulikwisha 2020, na kwa miezi kadhaa fedha za intaneti za kupokea data kutoka vituo vya mbali zilikosekana. Kutoka Nyiragongo hadi Kibumba ni kilomita kumi hivi: mwamba hupeleka habari ya mtikisiko kwa sekunde mbili, na hewa kwa nusu dakika. Kisha habari inafika kwenye mtambo unaotumia betri na paneli ya jua, na kutoka hapo, miezi ile, ilikuwa ikingoja bili ilipwe.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 jioni mlima ukapasuka. Watafiti waliochambua rekodi za siku ile wakaona kuwa hata mitambo ikisikilizwa yote, onyo lilikuwa fupi mno: mashine za ardhini zilionyesha dalili dakika 40 kabla, na zile zinazosikiliza hewa, kwa sauti nzito ambazo sikio la mtu halizipati, dakika 10 kabla. Hizo dakika 30 za kati si tofauti ya mwendo wa sauti. Kwa umbali ule tofauti hiyo haizidi nusu dakika hivi. Ni kwamba jiwe lilikuwa linapasuka ndani, na hewa haikuwa na la kusikia mpaka mlima ulipofunguka. Ardhi husema wakati jambo bado liko tumboni.

Nilikuwa Goma siku zilizofuata, matetemeko yalipokuwa yakipiga mji usiku na mchana. Hapo nikakutana tena na milio miwili. Ungesikia kwanza “buu” fupi kutoka chini, kama mlango mzito uliofungwa, halafu ukuta ukacheza. Ule mlio ni wimbi la P linapotoka kwenye ardhi na kuigonga hewa ya chumba. Mchezo wa ukuta ni S. Jirani yetu, mama mwenye watoto wadogo, alisema mlio ule ulimtisha kuliko mtikisiko wenyewe. Mimi nilikuwa nahesabu. Nafasi haikujaza hata sekunde moja, maana yake tetemeko halikuwa kule mlimani. Lilikuwa chini yetu. Nilipomwambia, hakutaka maelezo zaidi. Aliwavalisha watoto viatu. Tarehe 27 Mei gavana alipotangaza kuwa sehemu kubwa ya mji ihamishwe, mabegi yalikuwa tayari mlangoni.

Nikiyaweka haya yote pamoja, naona sisi watu wa Kivu hatuna upungufu wa ishara. Mlima wetu unasema sana, na jiwe lake ni mjumbe mwepesi kuliko wote. Panapotuangusha ni maungioni: ufa kati ya kituo na ofisi, mpira kati ya ofisi na redio, udongo mlegevu kati ya redio na yule mama asiye na chaji kwenye simu. Ukitengeneza mtambo mwingine wa gharama kubwa bila kuziba nyufa hizo, utakuwa umepata jiwe zuri kwa nje, lile ambalo muzee alilisukuma kwa mguu.

Kwa hiyo la kwanza ninalowaomba wenzangu ni kuvilinda vituo vilivyopo. Betri na paneli inayoibwa mlimani ili kuwasha taa ya nyumba moja inaziba sikio la mji mzima, na tumeona kuwa sikio moja likikosekana, hesabu ya mengine inageuka kuwa ubishi. La pili ni kudai bajeti ya kila mwezi, iliyoandikwa, ya kupokea data. Bei yake ni ndogo kuliko ya sherehe yoyote ya kuzindua mtambo.

La tatu liko mikononi mwetu wenyewe. Goma tunajua tayari kupeana habari usiku: wezi wakiingia mtaa, sufuria na filimbi hulia nyumba hadi nyumba mpaka mtaa mzima uko nje. Shule zetu nyingi kengele yake ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini, chuma kizuri kinacholia mbali. Kila avenyu inaweza kuwa na rimu yake, mtu aliyepewa jina la kuipiga, na mapigo yaliyokubaliwa na wote: haya ni ya kujiandaa, haya ni ya kuondoka. Kwa mwendo wa hewa, mlio kutoka Kibumba hadi Goma ungetumia dakika moja na kidogo. Utatumia zaidi, kwa sababu kila rimu itasubiri mkono wa mtu, na mkono wa mtu husita. Tukifanya mazoezi mpaka kusita kule kukapungua, katika zile dakika 40 tutakuwa bado na nafasi ya kuvalisha watoto viatu.